Miti ya Dawa na Ukame wa Singida

Mtu asafiriye kutoka Manyoni kwenda Itigi katika mwezi wa Septemba huiona nchi kana kwamba imekufa. Vichaka vimekuwa vijiti vitupu, nyasi zimekwisha, na vumbi limelala juu ya kila kitu. Hii ndiyo nyika ambayo watu wa misafara ya kale waliiita Mgunda Mkali, yaani shamba kali. Burton na Speke waliivuka mwaka 1857 wakielekea Tabora, na kabla yao na baada yao wapagazi wengi mno waliivuka wakiwa na mizigo ya nguo, shanga na pembe. Hapo ndipo walipofanya telekeza, maana yake kuondoka adhuhuri na kulala pasipo maji, ili wayafikie maji kesho yake asubuhi.

Wapitaji hao waliona kiu tu. Lakini wenyeji walijua ya kuwa vichaka vile vile ni ghala ya dawa zao. Gome la mgunga lilichemshwa kwa kikohozi, ukwaju ulilowekwa kwa tumbo lililofunga, unga wa ubuyu alipewa mwenye homa, na utomvu wa mshubiri ulipakwa palipoungua. Basi yafaa tuulize: miti hiyo ilidumuje mahali ambapo mtu mwenye kibuyu cha maji alikuwa akikimbia apite?

Mvua ya Singida ni kama milimita 500 hadi 800 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Lakini uchache si ubaya wake wote. Ubaya mkubwa ni hila ya mvua ya kwanza. Hunyesha siku mbili, ardhi ikanukia vizuri, watu wakapanda uwele. Kisha jua huwaka majuma matatu, na kilichoota hukauka chote. Kila mkulima wa huku amepata kupanda mara mbili, na wengine mara tatu, katika mwaka mmoja.

Wengi hudhani ya kuwa mbuyu hushinda ukame kwa sababu shina lake limejaa maji kama mtungi. Sisi nasi tulifundisha hivyo kwa miaka kadhaa. Kumbe jambo hili ni kweli nusu tu. Wataalamu waliopima mibuyu ya kisiwa cha Madagaska, wakachapa habari zao mwaka 2006, waliona ya kuwa maji ya shina husaidia zaidi kuchipuza majani mapya kabla ya mvua kuanza, na kulifanya shina lisimame imara, kwa kuwa ubao wake ni mwororo. Kiangazi kikiwa kikali, mbuyu hauyatumii maji hayo kwa anasa. Hupukutisha majani na kungoja. Mshubiri nao una njia yake: hufunga vitundu vya majani yake mchana na kuvifungua usiku, ili jua lisiunyang'anye maji.

Walakini hayo yote ni mambo ya mti uliokwisha kukua. Mti mchanga hauna shina nene wala mizizi mirefu. Kwa hiyo vita vyenyewe hupiganwa katika mbegu, na jambo hili tulifundishwa kwa aibu.

Mwaka mmoja tulipanda mbegu za mbuyu katika bustani ya shule yetu. Tulizitoa katika ubuyu safi, tukazipanda kwa mistari, na wanafunzi wakazimwagilia kila jioni kwa maji waliyoyachota mbali. Haikuota hata moja. Mzee mmoja jirani, aliyekuwa akipita na mbuzi wake, alisimama akatazama, akasema, "Mwalimu, mwanangu, mbegu hizi hujaziamsha. Hazijui kama umezipanda." Tulipomwuliza, Babu huyo alituonyesha kuzitia katika maji ya moto na kuziacha humo usiku kucha, au kukwaruza ganda kwa jiwe mpaka weupe uonekane.

Ganda hilo gumu ndilo kinga ya mti. Mbegu ya mbuyu, ya mkwaju, na ya mgunga haiachi maji yaingie upesi. Mvua ya siku mbili huipita kama haikunyesha. Tena mbegu za mti mmoja haziamki zote pamoja: hii huota mwaka huu, ile mwaka ujao, nyingine baadaye, hata mwaka mmoja mbaya usiweze kuua kizazi chote. Kazi ya kulainisha ganda hufanywa na moto, na jua, na zaidi matumbo ya wanyama. Mbuzi hula maganda ya mgunga chini ya mti. Mbegu nyingi husagwa, lakini zile zinazomezwa nzima hutoka katika mavi zikiwa zimelainika, mbali na kivuli cha mama yao. Tembo na nyani hufanya hivyo kwa ubuyu.

Bwana B. D. Burtt, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi katika idara ya kuchunguza mbung'o, aliyatazama mambo haya hapa hapa kwetu. Mwaka 1929 ilichapwa orodha yake ya matunda na mbegu zinazotawanywa na wanyama na ndege katika wilaya ya Singida. Kuna hata mti wa vichaka vya Itigi uliopewa jina lake, Burttia prunoides. Alikufa mwaka 1938 katika ajali ya ndege, pamoja na mkuu wake Bwana Swynnerton. Sisi twamsifu kwa kuwa hakudharau kuchambua mavi ya wanyama. Mchungaji yeyote wa mbuzi angalimwambia mengi, na huenda walimwambia.

Sasa tukumbuke njaa ile ambayo Wagogo waliiita Mtunya, ya mwaka 1917 hata 1920, iliyowapata pia watu wa upande wa Manyoni. Katika vita vya Wazungu, Wajerumani kwanza, kisha Waingereza, walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Halafu mvua ikakosa. Inakadiriwa ya kuwa watu wapata 30,000 walikufa, katika nchi iliyokuwa na watu kama 150,000. Mtu mwenye njaa hula hata mbegu aliyoiweka ya kupanda, na mvua irudipo hana la kutia shimoni. Ghala ya watu ilikuwa tupu, lakini ile iliyo chini ya udongo, ya mbegu zisizoamka upesi, hakuna jeshi lililoweza kuibeba.

Wengine watasema, tuna mwarobaini. Ni kweli, mti huo uliotoka Bara Hindi ukikua huvumilia sana kiangazi, na dawa zake zajulikana. Lakini mbegu yake hufa baada ya majuma au miezi michache tu. Haiwezi kungoja. Miaka ikiwa mibaya mfululizo, mwarobaini hautakuwa na kitu ardhini.

Hofu yetu ni hii. Ghala ile ya ardhini hujazwa na miti mizee, nayo sasa huchunwa gome kuzunguka shina lote ili liuzwe kwa magunia, na mti uliochunwa hivyo hukauka kabla ya kuzaa tena. Na mbuzi wale wale wapandao mgunga hula miche ya mbuyu inapochipua. Katika vijiji tulivyopita twaona mibuyu mikubwa mingi, lakini ukitafuta mbuyu wenye unene wa mkono wa mtu, waweza kutembea kutwa.

Baada ya maneno ya yule mzee, tulizifukua mbegu tulizoweza kuziona, tukaziamsha kwa maji ya moto, na baadhi zikaota. Tuliizungushia miche miiba ya mgunga. Masika ya pili, katika mstari tuliokuwa tumeuacha, mwanafunzi mmoja alitujia mbio akisema kuna mche umetokea mahali ambapo hapakupandwa kitu. Palikuwa pamepandwa, na ulikuwa mbuyu.