Kuitika si kujibu

Mtoto akiitwa na mama aliye uani, kwanza huitika: "Abee!" au "Naam!" Hajajibu lolote bado, amejulisha tu kwamba sauti imemfikia. Kiswahili hutenganisha kuitika na kujibu, nami nawasihi wahandisi wa mawasiliano walishike neno "kuitika" badala ya "taarifa ya uthibitisho wa mapokezi", fungu linalochosha ulimi.

Simu ikipokea pakiti ya data salama, huitika. Pakiti ikifika na kasoro, simu huomba irudiwe, lakini haiitupi ile mbovu: huiunganisha na nakala ya pili, na mara nyingi mbovu mbili huzaa ujumbe mmoja kamili. Kwa mnara wa jirani haya huisha kwa milisekunde chache. Setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta ni habari nyingine. Ujumbe kwenda na mwitiko kurudi huchukua takriban nusu sekunde, na mtumaji hawezi kunyamaza muda wote huo.

Ndiyo maana viwango vya 5G vilivyokamilishwa mwaka 2022 viliongeza mikondo ya kutuma kutoka 16 hadi 32, ili mmoja ukisubiri mwingine uendelee. Kwa umbali ule hata 32 haitoshi, hivyo viliruhusu pia mwitiko uzimwe: mtumaji hurudia mapema bila kungoja, au kazi ya kudai marudio huachiwa tabaka la juu la programu. Huko ni kuita bila kutarajia kuitikiwa, na kitenzi chetu kinalisema hilo bila kuazima kitu.