Kijaluba cha Fedha Miguuni mwa Meru

Tangu tanzanaiti igunduliwe Mererani mwaka 1967, Arusha imekuwa mji wa kupima vito kwa karati. Lakini katika maduka ya vitu vya kale mjini hapa hupatikana kitu ambacho mizani haiwezi kukitendea haki: kijaluba, kikasha cha fedha kinachoenea kiganjani, chenye nakshi juu ya kifuniko.

Asili yake ni pwani, kwenye desturi ya uraibu. Kutoka Lamu hadi Unguja, mgeni alikaribishwa kwa tambuu, popoo, chokaa na tumbaku. Chokaa huunguza, tumbaku hupoteza harufu ikiachwa wazi, kwa hiyo kila kimoja kilihitaji chombo chake kinachofunga barabara. Wengi walitumia vya shaba. Mwenye uwezo alimwendea sonara, na hapo ndipo hadithi inaponivutia zaidi, maana mara nyingi fedha ya kufulia ilikuwa sarafu.

Sarafu hiyo ni riale ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka 1780. Baada ya kifo chake iliendelea kupigwa ikiwa na mwaka huohuo, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Oman na Zanzibar hawakuiamini nyingine. Ilikuwa na uzito wa gramu 28 hivi, na sehemu tano katika sita zilikuwa fedha halisi. Sonara aliyeyusha riale, akazifua bamba, kisha akachora maua na majani kwa patasi ndogo. Mafundi walikuwa Waswahili, Waarabu na Wahindi kutoka Kutch, na mikono yote hiyo huonekana katika nakshi zao.

Bara, njia ilikuwa ya misafara. Wafanyabiashara wa Pangani walipanda hadi Kilimanjaro na Meru wakifuata pembe za ndovu, wakileta nguo, shanga na nyaya. Huku nako ugoro ulikuwa na heshima yake: Wamaasai waliuhifadhi katika vichupa vya pembe na mianzi, wakavivaa shingoni. Baada ya Wajerumani kujenga boma la Arusha mwaka 1900, fedha nayo iliingia mpaka vijijini, katika rupia zao, pamoja na kodi ya nyumba.

Anayenunua leo awe macho. Kuna vikasha vya shaba iliyochanganywa na nikeli na zinki, vyeupe kabisa na visivyo na chembe ya fedha, na sumaku haivishiki kama isivyoishika fedha yenyewe. Tazama ndani: kazi ya zamani huonyesha alama za nyundo, bawaba iliyolika, na weusi uliotulia kwenye mifereji ya nakshi. Weusi huo unatokana na salfa iliyomo hewani. Kuusugua mpaka kikasha king'ae kama kijiko kipya ni kuharibu, kwa sababu kila msuguo huondoa fedha kidogo pamoja na mstari wa fundi.

Hasara kubwa zaidi iko kwa sonara wa leo anayenunua kwa gramu. Kijaluba kikishayeyushwa hakirudi. Kama bibi yako alikuachia kimoja, mwombe mzee wa nyumbani akueleze kilitoka wapi, uandike, na usikiuze kwa uzito.