Mtoto kuharisha si meno: ijue chanjo ya rota

Leo mpira na siasa tuweke pembeni, maana wiki iliyopita mpwa wangu wa miezi saba nusura atutoke.

Alianza kutapika, ikaja homa, halafu kuharisha maji matupu. Mama mmoja jirani akasema ni meno hayo. Mwingine akadai ni meno ya plastiki, apelekwe akang'olewe! Dada akagoma, tukakimbilia zahanati. Macho yalishaingia ndani, utosi umebonyea. Nesi akacheki kadi ya kliniki: dozi ya pili ya rota hakupata, wiki hiyo dada alisafiri msibani. Kipimo cha rota hakikuwepo, ila lile swali la nesi ndo lilinileta kafe kusoma.

Rota ni nini?
Ni kirusi, kiligunduliwa 1973 na Ruth Bishop na wenzake kule Melbourne, Australia. Kwenye darubini kinafanana na gurudumu, ndo maana ya "rota" kwa Kilatini. Kinatoka kwenye choo cha mgonjwa, kinapita mikononi na kwenye vitu hadi mdomoni. Hata watoto wa nchi tajiri zenye maji safi kinawapata, kwa hiyo usafi peke yake hautoshi.

Chanjo yenyewe
Ni ya matone mdomoni, hakuna sindano. WHO ilipendekeza nchi zote ziitumie 2009. Bongo ilianza kutolewa nchi nzima 2013, dozi mbili: wiki ya 6 na ya 10. Kenya ikafuata 2014.

Inazuia kabisa?
Tusidanganyane, hapana. Utafiti uliochapishwa 2010 ulionyesha ilipunguza kuharisha kukali kwa rota kwa asilimia 77 hivi Afrika Kusini na 49 Malawi. Lakini kwetu tunaougua wengi, hata hiyo nusu ni watoto kibao.

Akiharisha je?
Mpe ORS kidogo kidogo, aendelee kunyonya, na zinki siku 10 hadi 14. Antibayotiki haziui kirusi. Akilegea, akigoma kunyonya au choo kikiwa na damu, usisubiri kuche.

Mpwa wangu ameshaanza kucheka. Wewe mwenye mtoto au mdogo wako nyumbani, ukitoka hapo kafe kaangalie kadi yake. Kama tarehe imepita, muulize nesi kwanza, usijikatie tamaa mwenyewe.

Nawasilisha. Mtaani kwenu wanasemaje, meno au?