Chuma Katika Lugha na Katika Ujenzi

Anayepita leo Bukirasazi, kusini mwa mji wa Gitega nchini Burundi, huona chuma kila upande: mabati juu ya nyumba, nondo ndani ya zege, jembe begani mwa mkulima. Wanafunzi wetu wengi hudhani kwamba chuma kililetwa na Wazungu, na kwamba Warundi walilipata jina lake kutoka Kiswahili. Dhana zote mbili zina kasoro.

Tuanze na lugha. Warundi husema icuma, wingi ivyuma. Waswahili husema chuma, vyuma. Waganda nao wana ekyuma. Mzizi ni mmoja, -uma. Tena Kirundi gucura ni kufua chuma, na umucuzi ni mhunzi. Je, -cura na -fua ni ndugu? Linganisha icumu, yaani mkuki, na fumo la Kiswahili: penye c ya Kirundi pana f ya Kiswahili. Mfuatano wa namna hii hautokani na kuazima. Ni urithi wa Kibantu.

Akiolojia inaafiki. Nchini Burundi na Rwanda zimefukuliwa tanuri za kuyeyushia chuma, pamoja na vyungu vya Urewe, zenye umri wa zaidi ya miaka 1,500. Kwa jirani zao Wahaya wa Tanzania, watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walitangaza mwaka 1978 kwamba wahunzi wa kale walipata hata pua, yaani chuma kilichochanganyika na kaboni kidogo kikawa kigumu. Walieleza kuwa mivukuto ilisukuma hewa kupitia kewa, mirija ya udongo iliyoingia ndani ya tanuri, hivyo hewa ikapata moto kabla ya kufikia makaa.

Nondo za leo ni pua hiyo hiyo. Zege hustahimili kubanwa lakini hupasuka likivutwa. Nondo ndizo hubeba mvuto huo.

Majembe ya viwandani yalipoenea wakati wa ukoloni, tanuri zilizimika, na wahunzi wakabaki kufua vyuma chakavu. Maneno kama kewa, fuawe na mivukuto nayo yanafifia. Kwa hiyo tunawaomba wanafunzi wetu, wakienda likizo, wawaulize wazee majina ya zana za mhunzi na kuyaandika. Tanuri ikibomoka, mwanaakiolojia ataifukua. Neno likisahauliwa, hakuna wa kulifukua.