Moyo wa Mbwa: Filamu iliyokejeli vyumba na hati za Usovieti

MIONGONI mwa filamu za tashtiti zilizotengenezwa katika Muungano wa Kisovieti, ni chache zinazopendwa na Warusi kama Moyo wa Mbwa, ambayo kwa Kirusi huitwa Sobachye Serdtse. Filamu hiyo ya sehemu mbili ilielekezwa na Vladimir Bortko katika studio za Lenfilm jijini Leningrad, na ikaonyeshwa kwenye runinga kwa mara ya kwanza mnamo Novemba 1988.

Msingi wake ni hadithi iliyoandikwa mwaka wa 1925 na Mikhail Bulgakov, daktari aliyeacha tiba akashika kalamu. Bulgakov aliyaandika aliyoyajua. Alipohamia Moscow mnamo 1921 aliishi katika chumba kimoja cha nyumba ya pamoja, ambamo watu wasio na udugu wowote walitumia jiko moja na choo kimoja. Baada ya mapinduzi ya 1917, serikali mpya ilikuwa imetaifisha majumba ya mijini, na waliokuwa na nafasi kubwa wakalazimishwa kuwapisha wengine. Jumba lilikuwa na kamati yake, na kamati hiyo ndiyo iliyohesabu vyumba na kuamua nani alale wapi.

Kamati ya namna hiyo ndiyo inayobisha hodi kwa Profesa Filipp Preobrazhensky (Yevgeny Yevstigneyev), daktari bingwa wa upasuaji anayeishi na kutibu wagonjwa katika vyumba saba. Mwenyekiti Shvonder (Roman Kartsev) anamtaka asalimishe chumba cha kulia na kile cha kuwapimia wagonjwa. Profesa habishani sana. Anampigia simu mkubwa mmoja serikalini, ambaye ni mgonjwa wake, na kumwarifu kwamba hatamfanyia upasuaji kwa kuwa anafunga kazi. Papo hapo Shvonder anaitwa kwenye simu, na uso unamshuka.

Watazamaji wengi humshangilia profesa katika onyesho hilo. Hata hivyo, kejeli hapa inakata kuwili. Profesa haokolewi na sheria wala haki, bali na kujuana na mkubwa, na anachoomba ni hati nzito itakayomkinga dhidi ya hati nyingine zote. Anaudharau urasimu huku akijifunika blanketi lake.

Kisa chenyewe ni cha ajabu. Profesa anamwokota mbwa koko aliyeunguzwa kwa maji moto, anampandikiza tezi ya ubongo na korodani za marehemu mmoja aliyekuwa mlevi na mwizi, na mbwa anageuka mtu. Mtu huyo (Vladimir Tolokonnikov) anavuta sigara, anatukana, anakimbiza paka hadi anafurisha maji nyumba nzima. Kisha anadai kitambulisho. Hoja yake, aliyofunzwa na Shvonder, ni kwamba asiye na hati haruhusiwi kuwapo duniani. Anajichagulia jina kwenye kalenda, Poligraf Poligrafovich Sharikov, na baada ya kuandikishwa anapata haki ya arshini 16 za mraba, yaani takribani mita 8 za mraba, ndani ya makao ya yuyo huyo aliyemuumba.

Si hayo tu. Sharikov anapewa cheo cha kuongoza kitengo cha kuondoa paka na wanyama wengine wanaorandaranda mjini. Mbwa kapata ofisi ya kuwinda paka! Kicheko hicho kinakatika anapomchongea profesa kwa wakubwa ili atwae nyumba. Tolokonnikov, mwigizaji wa jukwaani kutoka Alma-Ata ambaye hakuwa akijulikana sana, aliigiza sehemu hiyo kwa namna inayomfanya mtu acheke na kuogopa kwa pamoja.

Kuchongewa huko kulimpata mwandishi mwenyewe. Mnamo Machi 1925 aliwasomea waandishi wenzake hadithi hii jijini Moscow, na jasusi aliyeketi kati yao akapeleka ripoti. Mei 1926 polisi wa siri walipekua makao yake wakachukua mswada pamoja na shajara zake. Alifariki mwaka wa 1940 bila kuiona ikichapishwa. Ilitoka ng'ambo mnamo 1968, na Mwitaliano Alberto Lattuada akaitengenezea filamu mwaka wa 1976. Kwao ilichapishwa mwaka wa 1987, wakati wa mageuzi ya Mikhail Gorbachev.

Bortko hakupoteza muda. Mswada wa filamu uliandikwa na mkewe, Natalia Bortko, aliyechanganya humo visa kutoka makala nyingine za Bulgakov. Picha zilitiwa rangi ya kahawia iliyofifia, mithili ya zile za miaka ya 1920, na mitaa ya Leningrad ikaigiza Moscow. Mnamo 1990 Bortko na Yevstigneyev walitunukiwa Tuzo ya Serikali ya Urusi.

Kwa wengi walioitazama Leningrad usiku ule wa 1988, Shvonder hakuwa historia. Walikuwa wangali wanapanga zamu za jiko na majirani zao, na nyumba za pamoja zingaliko katika jiji hilo, ambalo tangu 1991 limerejea jina lake la Saint Petersburg.