Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Mazingatio ya Karanga za Kongwa



Sisi watu wa pwani tuna methali tuipendayo sana: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii ni njema, na ukarimu ni katika tabia tukufu. Lakini je, kila mgeni ajaye na mali humponya mwenyeji? Suali hili twataka tulitazame kwa habari za bara ya kati ya Tanzania, kwani yaliyowapata wa kwanza ni funzo kwa wajao baada yao.

Ukitoka Dodoma ukashika njia ya kaskazini iendayo Arusha, utafika Kondoa, na mbele yake ni Kolo, katika nchi ya Warangi. Kwenye majabali ya huko mna michoro ya kale ya watu na wanyama, ambayo UNESCO iliitia katika urithi wa dunia mwaka 2006. Katika karne ya 19 misafara ya pwani ilifika Irangi kununua chakula na pembe. Baadhi ya wafanya biashara walikaa huko, wakaoa, wakajifunza lugha ya wenyeji, na Uislamu ukaenea pamoja nao. Walipopita Ugogo, penye maji machache, iliwapasa kulipa hongo kwa watemi ndipo waruhusiwe kupita na kuteka maji. Wala hatusemi kwamba biashara ile ilikuwa safi. Ndani yake mlikuwa na utumwa, na dhulma ni dhulma hata ikitendwa na babu zetu. Twasema tu kwamba mfanya biashara yule hakuweza kwenda mbele bila ya kumuuliza mwenyeji: kisima kiko wapi, mvua huanza lini, na bei ni kiasi gani.

Baadaye ikaja namna nyingine ya mgeni, nayo ni kampuni. Pwani tunaijua habari hii. Mwezi wa Aprili 1888 Sayyid Khalifa bin Said wa Unguja aliwapa Kampuni ya Wajerumani ya Afrika ya Mashariki usimamizi wa pwani na ushuru wake kwa miaka 50. Mkataba ule ulipatana na Sultani, lakini watu wa Pangani, Bagamoyo na Kilwa hawakuulizwa. Ilipofika Agosti mwaka ule ule na kampuni ikataka kutandaza bendera yake, watu wakainuka na Abushiri bin Salim al-Harthi na Bwana Heri wa Saadani. Kampuni ikashindwa, ikaiita serikali yake, na damu nyingi ikamwagika. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889.

Huenda msomaji akasema: hao walikuja kwa mabavu, je, akija mgeni kwa nia ya kulima tu? Basi na tuende Kongwa, kusini-mashariki ya Kolo, katika uwanda ule ule wa juu.

Baada ya vita vya pili vya dunia Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, kampuni iliyo chini ya Unilever, aliishauri serikali yake ilime karanga katika Afrika ya Mashariki kwa mashine. Wajumbe watatu wakaletwa kutazama, wakatembea kwa wiki chache tu, wakaandika kwamba yafaa kufyekwa ekari 3,210,000, na nyingi katika hizo ziwe Tanganyika. Wako waliosema ianzwe kwanza shamba dogo la majaribio. Wakajibiwa kwamba hakuna wakati. Mwanzoni mwa 1947 kampuni ikaanza kazi kwa niaba ya serikali, na mwezi wa Machi 1948 kazi ikachukuliwa na shirika jipya la serikali, Overseas Food Corporation.

Tazama sasa, ndugu yangu, yaliyotokea. Shabaha ya mwaka wa kwanza ilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa karanga ni kiasi cha ekari 7,500 tu. Matrekta mengi yalikuwa makuukuu ya jeshi, na kabla ya mwaka kwisha zaidi ya nusu yalikuwa yamelala. Vifaru vya vita viligeuzwa kuwa mashine za kung'olea visiki. Mizizi ya vichaka ikavunja majembe, na mchanga ukayala makali yake. Mvua ilipokatika, udongo wa Kongwa ukakauka ukawa mgumu kama tofali. Nawe wajua kwamba karanga huzaa chini ya ardhi. Basi waliopanda wakashindwa hata kuzichimbua walizozipata. Mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mpango ule, na hasara ikapita pauni milioni 35.

Je, hayo yalikuwa siri? La, hasha. Mgogo yeyote mtu mzima angaliweza kuwaambia. Watu wale walikuwa hawajaisahau Mtunya, njaa kuu iliyowamaliza kati ya 1917 na 1920. Walijua kwamba mvua ya kwao ni ya msimu mmoja, na kwamba husaliti. Ndiyo maana walilima uwele na mtama unaostahimili ukame, na mali yao wakaiweka katika ng'ombe, ambao huweza kuhamishwa kufuata maji. Na ajabu ni hii: baada ya fedha zote zile kuteketea, sehemu ya ardhi ya karanga iligeuzwa kuwa ranchi ya ng'ombe. Mgogo alikwisha kulijua jibu hilo, lakini hakuulizwa.

Wala tusidhani kwamba mwenyeji hakosei kabisa. Turudi Kolo. Vilima vya Irangi vilikuwa vimekwanguliwa na maji ya mvua kwa sababu ya kilimo na mifugo mingi, makorongo yakawa makubwa na mito ikajaa mchanga. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika. Ulikuwa uamuzi mzito kwa wafugaji. Lakini majani na vichaka vilirudi kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Ardhi ya uwanda ule huponywa kwa subira, na trekta halina subira.

Leo njia ya Dodoma kwenda Babati, ipitayo Kondoa, ina lami. Ilifunguliwa rasmi mwaka 2018, na makampuni ya kigeni yalikuwamo katika kuijenga. Njia hiyo ni neema, na hatusemi mgeni afukuzwe. Nchi yahitaji mitaji na ujuzi, na biashara baina ya mataifa ni ya tangu zamani. Twasema apimwe.

Na wewe uliye pwani, jambo hili lakuhusu. Yuko anayekuja kutaka shamba lako la minazi, au kiwanja cha urithi kilicho ufukweni, na mkoba wake umejaa. Kabla hujatia sahihi, uliza mambo matatu. Kwanza, je, amewauliza wanaokaa hapo na kuijua ardhi hiyo, au ameuliza wakubwa tu, kama ilivyokuwa mwaka 1888? Pili, je, yuko tayari kuanza kwa kidogo na kungoja? Tatu, ikiharibika, nani atabaki na hasara? Kule Kongwa wakubwa wa mpango walipanda meli wakarudi kwao, na fedha zikalipwa na raia wa Uingereza. Aliyebaki na ardhi iliyong'olewa miti ni Mgogo.

Kisha mapatano yaandikwe kwa lugha unayoielewa, mbele ya mashahidi, na warithi wote wawepo, wanawake kwa wanaume. Dini yetu imetuamrisha kuliandika hata deni dogo, na wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Usione haya kumuuliza mgeni mwenye mali. Mgeni mwema hatachukizwa na masuali yako, na yule atakayechukizwa, ni heri umjue akiwa bado yu mlangoni.