Buru na Tanzanite: sayari za moto zenye majina ya kwetu

Wiki hii zamu ya kuandika imetufikia sisi tulioko Mbale. Kwa wale hawajui, tuko watu watano, kule kambini tunajitolea kufundisha watoto, na likizo hii tumekuja hapa Industrial Division kutafuta vibarua. Tumepanga chumba kimoja upande wa Namatala. Malori ya kwenda Soroti na Lira hayalali, na mvua ikikosa siku tatu tu, vumbi inaingia mpaka kwenye sahani ya posho.

Hiyo vumbi ndiyo ilianzisha mambo. Jioni moja upepo wa kuzunguka ulipita ukibeba mifuko ya plastiki juu. Dereva mmoja wa lori kutoka Kisumu alikuwa anakunywa chai kibandani, akasema, "Hiyo ni kalausi! Leo mtakula buru." Kwa Kijaluo kalausi ni kimbunga kile cha vumbi, na buru ni vumbi yenyewe. Mwenzetu mmoja akashtuka, akasema hayo maneno alishayaona kwenye simu, eti ni majina ya nyota na sayari. Tulimcheka sana. Halafu tukanunua bando, tukatafuta, na kweli iko.

Basi tuanze mbali kidogo. Miaka mia iliyopita, nyota nyingi hazikuwa na majina. Katika chuo cha Harvard kule Marekani, mama mmoja aitwaye Annie Jump Cannon, ambaye masikio yake yalikuwa hayasikii vizuri, aliongoza kazi ya kuziandikisha. Daftari lake lilitoka kati ya 1918 na 1924, likiwa na nyota zaidi ya 225,000, na likapewa jina la Henry Draper. Ndiyo maana nyota nyingi zinaitwa HD na namba. Ile nyota yetu ya kimbunga ilikuwa HD 83443. Sisi wenye kadi za usajili tunaelewa maisha hayo.

Wakati huo hakuna mtu alikuwa ameona sayari inayozunguka nyota nyingine. Wengi walifikiri kwamba zikipatikana zitapangwa kama zetu: ndogo karibu na jua, kubwa za gesi kama Mshtarii mbali kwenye baridi. Mwaka 1952 mtaalamu Otto Struve aliandika kwamba pengine sayari kubwa inaweza kukaa karibu kabisa na nyota yake. Watu hawakumfuata.

Miaka 43 ikapita. Oktoba 1995, Waswisi wawili, Michel Mayor na Didier Queloz, wakatangaza sayari ya nyota 51 Pegasi. Uzito wake ni karibu nusu ya Mshtarii, na inamaliza mwaka wake kwa siku 4 hivi tu! Utaridi, iliyo karibu zaidi na jua letu, inatumia siku 88. Hawakuiona kwa macho. Walipima nyota ikiyumba. Ukimshika mtoto mikono ukamzungusha, wewe pia unayumba kidogo, na mtu wa mbali anaweza kujua umebeba kitu hata kama mtoto haonekani. Kwa kazi hiyo walipewa tuzo ya Nobeli mwaka 2019.

Timu ya Mayor ndiyo iliyopata ya HD 83443 mwaka 2000, kwa darubini iliyoko Chile. Sayari hiyo iko zaidi ya miaka-nuru 130 kutoka hapa. Uzito wake ni chini ya nusu ya Mshtarii, lakini unapita wa dunia yetu zaidi ya mara 100. Mwaka wake haufiki siku 3 kamili. Yaani ukizaliwa huko Jumatatu asubuhi, Alhamisi asubuhi una mwaka mmoja.

Sasa shikeni hapa, tutarudi: mwaka huohuo walitangaza kwamba nyota hiyo ina sayari ya pili. Wataalamu wengine wakapima kwa vyombo vyao, hawakuiona. Baada ya miaka michache timu yenyewe ikakubali na kuifuta.

Ya majina ilikuja 2019. Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulikuwa unatimiza miaka 100, ukapa kila nchi iliyoshiriki nyota moja na sayari yake, watu wa nchi wachague majina. Nchi 112 zilifika mwisho, na watu zaidi ya 780,000 walishiriki. Kenya ikaita nyota Kalausi na sayari Buru. Ethiopia ikachagua Buna, yaani kahawa, na Abol, kile kikombe cha kwanza cha kahawa, ingawa sayari hiyo haiko karibu na nyota kama hizi za moto.

Tanzania ilipewa WASP-71. Nyota wakaiita Mpingo, mti wa wachongaji, na sayari Tanzanite, jiwe linalochimbwa Mererani peke yake duniani. Hiyo ilipatikana kwa njia nyingine. Kamera zinakesha zikiangalia nyota, na sayari ikipita mbele, mwanga unapungua kwa chini ya asilimia 1, kama senene akipita mbele ya taa kubwa. Tanzanite ni nzito zaidi ya mara mbili ya Mshtarii, na joto lake linaweza kuyeyusha chuma.

Mmoja wetu akauliza: sayari ya gesi ilizaliwaje kwenye moto hivyo? Wataalamu wengi wanasema haikuzaliwa hapo. Ilianzia mbali kwenye baridi, halafu ikahama. Pengine ilivutwa polepole na gesi na vumbi vilivyozunguka nyota changa, pengine ilisukumwa na sayari nyingine. Chumba kizima tulinyamaza kidogo, halafu mtu akasema, "Kumbe na zenyewe!" Tukacheka tena.

Lakini jambo linalotufanya tuandike ni hili. Kwenye darasa letu kambini kuna mtoto ambaye jina lake liliandikwa vibaya siku ya usajili, herufi mbili tu. Jina alilopewa na bibi yake lina maana. Lililoandikwa halina maana yoyote. Baba yake alipouliza, aliambiwa namba ndiyo muhimu. Sasa mtoto anaitikia jina la makosa, na sisi walimu pia tumekuwa tunaliita hivyo kwa sababu liko kwenye daftari. Tumekosa.

Wengine mtasema watu wana njaa na nyinyi mnaleta habari za sayari. Ni kweli, Buru haitatupa chakula. Ila kama wasomi wakubwa waliweza kufuta sayari nzima waliyoitangaza wenyewe, herufi mbili kwenye karatasi haziwezi kushindikana. Na kama nyota iliyokaa na namba miaka mingi imepata jina ambalo dereva wa Kisumu analitumia kwenye chai, huyo mtoto naye asikose lake.

Tukirudi kambini, somo la kwanza kila mtoto ataandika jina lake kama linavyoitwa nyumbani, na maana yake. La huyo mtoto tutalisahihisha kwenye daftari letu siku hiyohiyo, halafu tutamsindikiza baba yake kwenda kuuliza tena, mpaka wajibu.

Na nyinyi andikeni hapa chini: jina lako lina maana gani, na nani alikupa? Sisi watano tutaanza.